Nobu ya mota haikamati, inatetemeka au inakimbia yenyewe: pa kuanzia kutafuta kosa

Zima umeme kwanza. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, kabla ya kufuta fimwea (programu iliyo ndani ya kifaa) na kuipandisha upya, chomoa waya wa USB na uizungushe nobu kwa vidole viwili. Nobu ya kawaida, iwe enkoda (kifaa kinachohesabu mzunguko wa nobu) ya bei ya chini au swichi ya kuchagua kasi ya feni, itaendelea kukupa tik zake kama vile umeme haujawahi kuihusu. Nobu ya mota, yaani ile ambayo tik zake hutengenezwa na mota inayoongozwa na programu, italegea. Itazunguka bila kituo, yaani bila mahali inapokamata, na bila mwisho. Ikiwa hata baada ya kuchomoa bado unahisi vikwazo vidogo vidogo, hivyo si vya programu, na hakuna namba utakayobadilisha kwenye msimbo ikaviondoa. Nitavirudia.

Jaribio hilo dogo linakupa nusu ya majibu yote yaliyo hapa chini. Ndani ya enkoda ya kawaida, tik hutolewa na kijispringi kinachoruka juu ya bati lenye meno, na hesabu hutolewa na visugulio viwili vya chuma vinavyogusa na kuachia. Ni mitambo miwili iliyopangwa kwenye shafti moja. Ndiyo maana inaweza kukosana: mkono unahisi tik safi, redio inahesabu upuuzi. Kwenye nobu ya mota hakuna kijispringi wala meno. Kuna kihisi kinachosoma shafti iko nyuzi ngapi, programu inayotoa hesabu ya umbali kutoka kituo cha karibu, na mota inayoamriwa kusukuma kurudi kituoni kadiri ulivyokiacha. Gololi ndani ya bakuli hufanya vivyo hivyo, ila hapa bakuli limechorwa kwa hesabu na unaweza kulichora upya kila dakika.

Kwa hiyo tik na namba zote mbili zimezaliwa na kipimo kimoja: pembe ya shafti. Pembe ikiwa mbovu, vyote vinaharibika pamoja. Kanuni ninayoifuata ni hii: mkono ukihisi vizuri lakini namba ikawa mbaya, kosa liko baada ya pembe, yaani kwenye mipangilio, USB au kompyuta. Mkono wenyewe ukihisi vibaya, rudi kwanza nyuma ya pembe: sumaku, kihisi, mota, umeme. Watu wengi hufanya kinyume. Hukaa usiku kucha wakibadilisha namba za programu huku sumaku imeteleza.

Wazo lenyewe si la jana. BMW waliweka nobu ya aina hii kwenye gari la 7 Series mwaka 2001, ikibadilisha ukinzani wake kulingana na menyu iliyo kwenye skrini. Kilicholeta wimbi la watu kujitengenezea wenyewe ni SmartKnob ya Scott Bezek, mwaka 2022, ambayo michoro na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu: chipu ya ESP32, kihisi cha sumaku MT6701, draiva ya mota TMC6300 (inayopeleka umeme kwenye koili), skrini ya duara ya pikseli 240 kwa 240, na maktaba ya msimbo ya SimpleFOC ya kuendesha mota. Wengi wetu tunaojenga kwa vifaa vinavyopatikana huweka kihisi cha AS5600 badala yake, na mota ya gimbali, zile zinazoshikilia kamera isitikisike. Maelezo haya yanahusu familia hiyo yote.

Imekufa kabisa, hakuna hata kituo kimoja

Anza na umeme wa draiva, kisha waya wa kuiruhusu draiva ifanye kazi. Baadhi ya bodi huacha mguu wake ukielea bila kuunganishwa na mota inabaki imezimwa milele. Kisha chukua mita, upime ukinzani kati ya waya za mota, mbili mbili. Lazima upate vipimo vitatu vinavyolingana. Kimoja kikitofautiana, koili imekatika au lehemu haijashika. Vyote vikiwa chini ya omu moja, umenunua mota ya droni ya kurukia. Hiyo itameza mkondo mwingi na kukupa joto badala ya vituo. Mota ya gimbali huwa na omu kadhaa, mara nyingi kumi hivi au zaidi.

Mota ikiwa nzima, angalia pembe. Andika programu fupi isiyogusa mota kabisa, inayosoma kihisi tu na kuonyesha nyuzi. Zungusha shafti mara moja: namba itoke 0 hadi 360 bila kurukaruka. Ikibaki palepale, au ikizurura ovyo, mshukiwa wa kwanza ni sumaku. Vihisi hivi vinataka sumaku yenye ncha ya kaskazini upande mmoja wa duara na ya kusini upande wa pili. Sumaku nyingi za duara unazouziwa zina kaskazini juu na kusini chini, na kwa macho ni pacha.

Namna ya kuzitambua bila kifaa cha bei: tumia dira ndogo, au sindano ya kushonea uliyoisugua kwa sumaku nyingine na kuining'iniza kwa uzi. Laza sumaku ya shafti mezani, bapa, umbali wa kiganja, kisha izungushe papo hapo ilipo. Iliyo sahihi itaivuta sindano izunguke nayo. Isiyo sahihi itaiacha imetulia.

AS5600 ina rejista ya hali (sehemu ya kumbukumbu yake) inayokwambia waziwazi mambo matatu: sumaku imeonekana, ni dhaifu mno, au ni kali mno. Isome. Umbali kati ya sumaku na uso wa chipu uwe kati ya nusu milimita na milimita tatu, kutegemea nguvu ya sumaku yenyewe. Na kama basi la I2C (waya mbili za mawasiliano, SDA na SCL) halioni chochote kwenye anwani ya kihisi, 0x36, usihangaike na sumaku. Huenda umebadilisha SDA na SCL.

Pembe ni safi, lakini nobu ni dhaifu, au inakimbia badala ya kukamata

Hapa ndipo watu hupoteza saa nyingi zaidi, kwa sababu dalili inafanana na kosa la programu.

Mota haijui "kushoto" na "kulia". Inajua kuwasha koili kwa kufuata pembe ya sumaku zake za ndani, na pembe hiyo programu huipata kwa kuzidisha pembe ya shafti kwa idadi ya jozi za ncha. Mota nyingi ndogo za gimbali zina sumaku 14, yaani jozi 7. Maana yake kila kosa la sumaku ya kihisi kwenye shafti huzidishwa mara 7 kabla ya kufika kwenye koili. Sumaku iliyobanwa kwa gundi dhaifu ikiteleza nyuzi 6 tu, koili zinawashwa nyuzi 42 nje ya mahali pake na robo nzima ya nguvu imepotea. Ikiteleza nyuzi 12.9, nguvu inakuwa sifuri. Ikifika 25.7, nguvu imegeuka kabisa: mota inasukuma kukitoroka kituo badala ya kurudi kwake, na nobu inaanza kuzunguka yenyewe mezani kama imepandwa na shetani.

Kwa hiyo nobu iliyokuwa nzuri wiki iliyopita na leo imelegea mzunguko mzima kwa kiwango kilekile, mimi siulizi mipangilio. Naweka alama ya kalamu kwenye sumaku na kwenye shafti, naizungusha kwa nguvu mara kadhaa, natazama kama alama zimeachana. Supagluu hukauka haraka lakini hupasuka kwa mitikisiko na joto. Epoksi ya sehemu mbili ndiyo ya kutumia, na kabla yake futa mafuta ya vidole kwa spiriti. Baada ya kuibandika upya, fanya kalibresheni (kulinganisha pembe ya kihisi na ya mota) tena. Ile ya zamani imehifadhi tofauti ya pembe isiyokuwepo tena.

Kama udhaifu haulingani kote, soma mpangilio wake. Nusu ya mzunguko inavuta na nusu nyingine inasukuma? Umekosea jozi za ncha kwa moja, umeandika 6 badala ya 7 au 8 badala ya 7. Hesabu sumaku za mota kama zinaonekana, ugawe kwa mbili. Kuvuta na kusukuma kunapishana mara nyingi sana ndani ya mzunguko mmoja? Mwelekeo wa kihisi na wa mota umepingana. Badilisha waya mbili zozote za mota, au geuza alama kwenye programu, kisha kalibresheni. Usifanye vyote viwili, utarudi ulipotoka.

Jambo moja kuhusu kalibresheni yenyewe: mota huizungusha shafti taratibu na kulinganisha na kihisi. Ukiwa umeishika nobu, au kofia yake inasugua kava, itahifadhi uongo na kuuamini hadi utakapoirudia. Iache huru juu ya meza.

Inatetemeka, inavuma au inatoa sauti ya nyuki

Kwanza ishike kwa wepesi. Mtetemo ukikoma mara unapoigusa na kurudi unapoiachia, tatizo ni uchelewaji: kihisi kinasema "umepita kituo", amri inafika mota wakati nobu tayari imerudi, mota inaisukuma upande wa pili, na mchezo unaendelea. Kidole chako kinapunguza kasi ya mchezo huo. Mvumo ukiendelea hata ukiwa umeishika, ni kelele ya kihisi inayokuzwa na hesabu.

Kwa uchelewaji, pima lupu ya mota (duru ya programu ya kusoma pembe na kuamuru mota) inajirudia mara ngapi kwa sekunde. Ikiwa chini ya mara elfu moja, usiguse namba nyingine yoyote hadi urekebishe hilo. Wezi wa muda ni watatu. Wa kwanza ni I2C iliyoachwa kwenye kasi ya kawaida ya kilohezi 100, ambapo kusoma pembe mara moja tu hula karibu nusu milisekunde. AS5600 inakubali kilohezi 400 na zaidi. Wa pili ni namba unazotuma kwenye kompyuta ili "kuona kinachoendelea". Kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, mstari wa herufi 20 huchukua milisekunde 1.7, na bafa (hifadhi ya muda ya herufi) ikijaa lupu nzima husimama kuusubiri. Nimeona nobu "ikipona" kwa kufuta mstari mmoja wa kuchapisha, na mwenyewe hakuamini. Wa tatu ni skrini. Pikseli 240 kwa 240 za biti 16 ni baiti 115,200. Hata kwa megahezi 40, kuijaza skrini mara moja huchukua milisekunde 23. Skrini ikichorwa ndani ya lupu ya mota, utahisi mkono unakwama kila picha inapobadilika. ESP32 ina viini viwili vya kuendesha programu. Mpe mota kimoja, skrini na Wi-Fi viende cha pili.

Kwa kelele ya kihisi, lupu ikiwa nzuri, tazama namba mbili: P, inayoamua mota ivute kwa nguvu gani ukiwa mbali na kituo, na D, inayopinga kasi. D ikizidi kwenye vituo vipana, mota inavuma, kwa sababu kila mtikisiko mdogo wa kipimo unasomwa kama mwendo. Lakini usikimbilie kuifanya sifuri. Kwenye vituo vyembamba, vya nyuzi moja moja, umbali kutoka kituoni ni mdogo kiasi kwamba P haina cha kushika, na tik unayoihisi inatengenezwa na D yenyewe. Ndiyo maana fimwea ya SmartKnob hubadilisha D kulingana na upana wa kituo: kubwa kwa vyembamba, ndogo kwa vipana. Ukiandika programu yako mwenyewe ukaweka D moja kwa vyote, utapata hali moja nzuri na nyingine inayopiga kelele, na utadhani mota imeharibika.

Kihisi nacho kina kikomo. AS5600 ina biti 12, yaani hatua 4096 kwa mzunguko. Kituo cha nyuzi moja kinapata hatua 11 tu za kuchezea. MT6701 ina biti 14, na kituo hichohicho kinapata 45. Kama unataka vituo vingi vyembamba, nunua kihisi bora. Programu haiwezi kuona kisichopimwa.

Waya ndefu za I2C zilizofungwa pamoja na waya za mota? Zitenganishe, uzifupishe. Hilo halihitaji maelezo.

Vituo havilingani: hapa vimebana, pale vimelegea

Sasa vile vikwazo vinavyobaki hata umeme ukizimwa. Mota yenye chuma ndani ya koili ina vituo vyake vya asili, sumaku zinapopenda kusimama mbele ya meno ya chuma. Mota ya meno 12 na sumaku 14 ina 84 kwa mzunguko mmoja. Ukiiambia programu iweke vituo 32, baadhi vitaangukia juu ya vile vya asili na kuwa vikali, vingine vitaangukia katikati na kuwa laini. Dawa ni kuchagua mota ambayo ukiizungusha bila umeme haina vikwazo, au ambayo vikwazo vyake ni vidogo mno kuhisika. Dukani izungushe kwa mkono kabla hujalipa. Waya zake tatu zisigusane wakati huo, maana zikigusana mota hujifunga breki yenyewe na utaihukumu kwa kosa lisilo lake.

Kukiwa hakuna vikwazo bila umeme, lakini ukiwasha vituo vinabana upande mmoja wa duara na kupanuka upande wa pili, sumaku haikukaa katikati ya chipu. Kosa la aina hii hujirudia kwa utaratibu uleule kila mzunguko, mahali palepale pa shafti. Kofia ya nobu iliyotengenezwa vibaya au beringi iliyochoka huleta sura hiyohiyo, kwa hiyo itazame nobu ikizunguka kwa ubavu: ikiyumba, anza na hilo.

Inaruka vituo, inarudi yenyewe, au inalegea ikizungushwa kwa kasi

Kwenye mipangilio kuna namba inayoamua ni lini programu itakubali kwamba umehamia kituo kinachofuata. Ikiwa 1.1, lazima upite kidogo katikati ya kituo kipya ndipo uhesabiwe, na hiyo huzuia namba kuchezacheza mpakani. Ikiwa 0.55, ukishavuka nusu ya njia mota inakurusha kituo cha pili, na unapata hisia ya swichi ya taa. Ukiishusha chini ya 0.5 umejitafutia balaa: programu inakuhamisha kituo kipya, kumbe kwa kipimo hichohicho bado uko mbali nacho kuliko cha zamani, inakurudisha, inakuhamisha tena. Nobu inapagawa. Hilo si suala la mota wala umeme.

Ukiisokota kwa nguvu ikalegea na kuteleza bila vituo, huenda ni kwa makusudi. Fimwea ya SmartKnob hukata nguvu ya mota kasi ikizidi radiani 60 kwa sekunde, karibu mizunguko tisa na nusu, ili isijiongezee mwendo. Iache.

Inajibonyeza yenyewe, au haibonyezeki

Nobu nyingi za aina hii hazina swichi chini. Zina vipande vinavyopima kupinda kwa bodi, na chipu ya HX711 inayovisoma. Vipimo hivyo hubadilika na joto. Mota ikipata moto, au ukiifungua asubuhi ya baridi na kuitumia mchana, sifuri ya jana si ya leo. Programu ijipime upya kila mara nobu ikiwa imetulia bila kuguswa, na kizingiti cha kubonyeza kiwe cha kuachana na hiyo sifuri, si namba ya kudumu. Kubonyeza kukichelewa kuitikiwa, angalia mguu wa kasi wa HX711: bodi nyingi zimeachwa kwenye vipimo 10 kwa sekunde wakati chipu inaweza 80.

Inapata moto au kujizima ukiegemea ukuta

Ukuta, yaani mwisho wa safari uliowekwa na programu, ni mota inayosukuma bila kwenda popote. Umeme wote huo unageuka joto. Kwa volti 5 na mota ya omu 10 ni nusu ampea, na bandari ya USB 2.0 imeahidi nusu ampea hiyohiyo kwa kifaa kizima, skrini na Wi-Fi ndani yake. ESP32 ikijizima na kujiwasha huku kwenye kompyuta kunatokea ujumbe wenye neno brownout (volti imeshuka mno), jibu ni waya mfupi na mnene zaidi, chaja yenye nguvu, au kupunguza kikomo cha volti ya mota. Punguza pia nguvu ya ukuta baada ya sekunde chache. Ukiutegemea muda mrefu kiasi hicho, ujumbe umeshafika.

Mkono unahisi sawa, namba ndiyo mbaya

Hapa uko upande wa pili wa pembe. Kihisi kinajua shafti iko wapi ndani ya mzunguko mmoja, lakini hakijui umezunguka mara ngapi. Mizunguko inahesabiwa na programu. Ukizima, ukaizungusha mara mbili, ukawasha, haina habari. Hifadhi thamani ya mwisho, na ukiwasha anza nayo, bila kujali nobu inaelekea wapi. Volyumu ya kawaida haina shida hii: mahali mshale ulipo ndipo sauti ilipo, hata baada ya mgao wa umeme. Hii ni hasara halisi ya nobu ya mota na hakuna mpangilio wa kuifuta.

Na kama kompyuta nayo inaweza kubadilisha thamani, mathalani sauti imepunguzwa kwa kipanya, hakikisha inairudishia nobu taarifa. La sivyo utakutana na ukuta ukiwa na sauti ya asilimia 60.

Kosa liko kwenye nobu ya kawaida

Wengi hufikia mota kwa sababu wamechoshwa na enkoda ya kawaida, ilhali enkoda ilihitaji tiba ndogo tu. Ile dalili maarufu ya redio za magari, unaongeza sauti na inashuka, inatokana na visugulio vilivyochafuka au kulika: tik ni nzima, mguso ni wa kubahatisha. Pwani, chumvi ya hewani huharakisha. Puliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye upenyo karibu na miguu, zungusha pande zote mbili mara nyingi, acha ikauke. Usitumie petroli, inakula plastiki. WD-40 huacha mafuta yanayokusanya vumbi, na mwezi ujao redio itakuwa mezani kwako tena. Baada ya kusafisha ikirudia, badilisha enkoda.

Kwenye kazi za Arduino na ESP32 sababu huwa nyingine. Chuma kikigusana hudunda kabla ya kutulia, na programu inayohesabu kila mdundo itaona tik moja kama tano. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 10 kwa kila mguu hutuliza sehemu kubwa. Iliyobaki imalizie kwa programu inayofuata hali za miguu yote miwili na kukataa mfuatano usiowezekana. Kuhesabu kwa intarapti (ishara inayokatiza programu) ya mguu mmoja ndiyo chanzo cha enkoda kurudi nyuma ikizungushwa haraka. Tik moja ikikupa hesabu nne kila mara, bila kukosea, hakuna ubovu: ndivyo enkoda ya EC11 ya vituo 20 ilivyo, gawa kwa nne. Kuna za vituo 30 zinazohitaji kugawanywa kwa mbili. Na kama umeunganisha kwenye miguu ya ESP32 kuanzia 34 hadi 39, kumbuka haina rezista za ndani za kuvuta juu, zinazozuia mguu usielee. Kitufe cha bodi ya enkoda ya KY-040 mara nyingi nacho hakina ya kwake. Hapo namba zitacheza zenyewe hata hujagusa kitu.

Volyumu inayokwaruza baada ya kusafishwa vizuri isikufanye ununue volyumu mpya. Pima volti za DC kwenye miguu yake ya pembeni. Zikiwepo, kapasita iliyo kabla yake inavujisha, na ndiyo ya kubadilishwa. Na iliyobadilishwa ikatoa sauti yote ndani ya robo ya kwanza ya mzunguko: umeweka yenye herufi B (inayopanda sawasawa) pahala pa yenye A (inayopanda taratibu mwanzoni).

Nobu ni nzima, mtumiaji analalamika "inachanganya"

Lalamiko hili ni dalili kamili, si uvivu wa mtu kujifunza. Nobu moja yenye kazi nne humlazimisha mtu akumbuke iko kwenye kazi ipi, na macho yanaondoka kwenye alichokuwa akifanya. Kila kazi iwe na hisia yake isiyofanana na nyingine: sauti kwa vituo vyembamba, kuchagua chaneli kwa vituo vipana vikali, kusogeza video kwa springi inayorudi katikati. Kazi isibadilike mkono ukiwa juu ya nobu. Mtu akishindwa kutaja kazi iliyopo akiwa amefumba macho, mpangilio haujakamilika.

Vyombo vikubwa vimelipia somo hili. Meli ya kivita ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore mwaka 2017, mabaharia 10 wakafa, na uchunguzi ukaigusa mifumo ya skrini ya usukani na kasi. Mwaka 2019 jeshi la majini lilitangaza kurudisha vishikio vya mkono vya kasi. Jarida la Uswidi Vi Bilägare mwaka 2022 liliwapa madereva kazi nne za kawaida: Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe ilimaliza ndani ya sekunde 10, na gari moja jipya la skrini likachukua karibu 45. Kuanzia 2026 Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, inadai vidhibiti halisi kwa taa za kugeukia, taa za dharura, honi, vifuta kioo na wito wa msaada kwa gari linalotaka nyota tano.

Nobu ya mota iko upande wa mkono, si wa skrini, na hilo ni jema. Lakini fimwea ikiganda, mkono hauna kitu. Hivyo kwa kusimamisha mashine, kukata joto la kifaa cha kuchomelea au kuzima amplifaya ya ukumbi, usiipe nobu hii kazi hiyo hata kama imekaa vizuri mezani kwa mwezi mzima. Weka swichi ya kawaida inayokata waya wa umeme wenyewe, na mota yako ya nobu iwe upande wa waya unaokatwa.